Chuma Chakavu na Mionzi: Habari ya Nondo za Ciudad Juárez

Tarehe 16 Januari, 1984, gari la mizigo lililopakia nondo za kujengea liliingia katika eneo la maabara ya Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, huko Marekani. Maabara hiyo ndiyo iliyobuni mabomu ya atomiki ya mwaka 1945, na kwa ajili ya kazi zake baadhi ya njia zake zimewekewa vyombo vya kupimia mionzi, ili kitu chenye madhara kisitoke nje bila ya kujulikana. Dereva alikosea njia, akapita mbele ya chombo kimojawapo, na chombo kikatoa ishara. Uchunguzi ulipofanywa ilionekana kwamba mionzi haikutoka katika kitu chochote cha maabara, bali katika nondo zenyewe, nazo zilitoka mbali. Lau dereva yule asingalipotea njia, haielekei kwamba jambo hilo lingalijulikana upesi, maana hapakuwa na mtu aliyekuwa akilitafuta.

Nondo zile zilisubiwa Mexico, katika kiwanda cha Aceros de Chihuahua, ambacho kilifanya chuma kipya kwa kuyeyusha chuma chakavu. Kwa siku chache wataalamu wa nchi mbili walifuata nyayo za chuma hicho kinyumenyume: kutoka katika nondo mpaka katika tanuri, kutoka katika tanuri mpaka katika uwanja wa mfanya biashara ya vyuma chakavu katika mji wa Ciudad Juárez, ulio mpakani, ng'ambo ya mto kutoka El Paso, na kutoka katika uwanja ule mpaka katika ghala ya hospitali moja ya mji huo huo.

Hospitali hiyo ilikuwa imenunua mwaka 1977, kutoka Marekani, mashine kuukuu ya kutibia saratani. Mashine za namna hiyo hufanya kazi kwa kobalti 60, madini ambayo hutoa mionzi yenye nguvu ya kupenya mwili na kuua chembe za ugonjwa. Kobalti hiyo huwekwa katika kopo dogo la chuma, na kopo huzungukwa na madini mazito, kama vile risasi, ili mionzi isitoke ila kwa tundu moja, na kwa muda ule tu mgonjwa anapotibiwa. Katika kopo la mashine hiyo kulikuwa na punje zipatazo 6,000, upana wa kila moja ukiwa yapata milimita 1, ndogo kuliko chembe ya mtama. Hospitali haikuwa na mtaalamu wa kuiendesha mashine. Ikawekwa ghalani, ikakaa huko karibu miaka 6 bila ya kutumiwa, wala wakuu wa serikali waliopaswa kujua vitu vya namna hiyo viko wapi hawakuwa na habari nayo.

Tarehe 6 Desemba, 1983, mfanyakazi wa matengenezo alikitoa kichwa cha mashine, akakipakia katika gari dogo, akaenda kukiuza kwa uzito wake wa chuma. Kabla hakijafika sokoni, kopo lilikwisha kutobolewa. Baadhi ya punje zilimwagika ndani ya gari, nyingine zikaingia katika rundo la vyuma uwanjani. Gari lile baadaye likaharibika, likaachwa mtaani kwa wiki nyingi, na watoto wa mtaa wakalifanya mahali pa mchezo.

Kilichofuata uwanjani chafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndicho kilichoigeuza hasara ya mtaa mmoja kuwa hasara ya nchi mbili. Vyuma chakavu hupandishwa magarini kwa winchi zenye sumaku kubwa. Kobalti hushikwa na sumaku kama chuma kinavyoshikwa. Kwa hiyo kila sumaku iliposhuka juu ya rundo ilinyanyua na punje, ikazidondosha hapa na pale, na punje zikatawanyika katika uwanja mzima na katika shehena zilizopelekwa viwandani. Hakuna chombo ambacho kingaliweza kuzichanganya vizuri zaidi kama mtu angalikusudia kufanya hivyo. Baadhi zilianguka kutoka katika magari na kuokotwa barabarani na watafutaji waliokuja baadaye na vipimo vyao.

Shehena nyingine zilifika Aceros de Chihuahua, nyingine zikafika katika kiwanda kilichosubu miguu ya meza za mikahawa. Hesabu zilizotolewa baada ya uchunguzi ni tani zipatazo 6,000 za nondo, na miguu ya meza ipatayo 30,000. Sehemu ya miguu hiyo na sehemu ya nondo zilikwisha kuvuka mpaka na kuingia Marekani. Katika Mexico nondo zilikwisha kufunikwa kwa saruji. Maofisa walikwenda nyumba kwa nyumba na vipimo mkononi. Majengo 17,636 yalipimwa, na 814 yakabomolewa, mengine yote na mengine sehemu. Watu wapatao 4,000 walikadiriwa kuwa wamepigwa na mionzi kwa kiasi kidogo au kikubwa. Watano kati yao walipata kiasi ambacho, kama wangalikipata kwa siku moja, yamkini kingaliwaua baadhi yao. Lakini walikipata kidogo kidogo katika muda wa miezi 2, na mwili ukapata nafasi ya kujitengeneza. Hakuna aliyekufa siku zile.

Waandishi wengi waliosimulia habari hii wamemtaja kwanza yule mfanyakazi aliyeuza kichwa cha mashine, na wengine wamemwita mwizi au mjinga. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mtu aliyeona chuma kimelala ghalani miaka 6, hakina kazi, hakina mlinzi, wala hakuna aliyemwambia ndani yake mna nini, alifanya jambo ambalo mamia ya watu hulifanya kila siku katika kila mji wa dunia. Kosa lilianza mwaka 1977, siku mashine ilipopita mpakani bila ya kuandikishwa, likaongezeka kila mwaka ilipolala ghalani bila ya mtu kuuliza habari zake.

Ili kufahamu kwa nini kobalti ilifika katika nondo, hapana budi kuangalia tanuri la chuma linafanyaje kazi. Katika dunia ya leo yapata sehemu 3 kwa 10 za chuma chote hufanywa katika matanuri ya umeme, ambamo chakula kikuu cha tanuri ni vyuma chakavu: magari yaliyokufa, reli, mabati, injini, mabomba, vyombo vya nyumbani. Moto wa umeme huyeyusha rundo hilo kwa joto la kadiri ya nyuzi 1,600 za sentigredi. Chokaa hutiwa ili ivute uchafu juu, na uchafu ule, ambao wahunzi wa kale waliuita mavi ya chuma, huelea kama povu juu ya mchuzi. Moshi na mvuke huvutwa na mabomba, ukapita katika vichujio vinavyokamata vumbi. Basi kila kitu kinachotiwa katika tanuri kina njia 3 tu za kutokea: katika chuma chenyewe, katika mavi ya chuma, au katika vumbi.

Madini yenye mionzi hayana sheria ya peke yake katika jambo hili. Hufuata tabia ya kawaida ya jamaa yao wasio na mionzi. Kobalti ni ndugu ya chuma. Huyeyuka kwa joto linalokaribia sana lile la chuma, na vikichanganyika havitengani. Kwa hiyo kobalti 60 ikiingia tanurini hukaa katika chuma, ikaenea sawasawa kutoka mwanzo wa nondo hata mwisho wake. Iridiamu hufanya vivyo hivyo. Radiamu na amerisiamu, kwa upande wao, hupenda kuungana na hewa ya oksijeni, zikapanda juu na kubaki katika mavi ya chuma. Sesiamu 137 ni ya namna nyingine kabisa. Huchemka kwa joto la nyuzi 671 tu, na joto la tanuri ni zaidi ya mara mbili ya hilo. Mara inapoachwa huru hugeuka mvuke, ikakimbilia katika mabomba ya moshi na kushikamana na vumbi. Chuma chenyewe hutoka kikiwa safi.

Tofauti hiyo ilidhihirika huko Hispania mwaka 1998. Siku za mwisho wa mwezi wa Mei, katika kiwanda cha Acerinox kilichoko Los Barrios, karibu na Algeciras, kopo la sesiamu 137 liliyeyushwa pamoja na vyuma chakavu. Kiwanda kilikuwa na vyombo vya kupimia mionzi langoni, wala havikutoa ishara. Chuma cha pua kilichosubiwa siku ile hakikuwa na dosari. Lakini sehemu ya sesiamu ilipenya vichujio ikatoka kwa bomba la moshi, na upepo ukaichukua kuvuka bahari ya Mediterania. Mwanzo wa mwezi wa Juni vituo vya kupimia hewa huko Ufaransa, Uswisi, Italia, Austria na Ujerumani viliona sesiamu hewani, mahali pengine hata mara 1,000 kuliko desturi. Mwanzoni wataalamu wa nchi hizo hawakujua imetoka wapi. Kiwanda chenyewe kilitambua baada ya siku kadhaa, vumbi la vichujio lilipopimwa. Kiasi kilichofika katika nchi za mbali kilikuwa kidogo mno hata hakikuweza kumdhuru mtu, na wafanyakazi 6 walioonekana kuwa na sesiamu mwilini walikuwa nayo kwa uchache. Fedha lakini ziliteketea: kuzuilika kwa kazi, kusafisha, na kuhifadhi taka vilikadiriwa kugharimu dola za Marekani zipatazo milioni 26. Mwaka 1999 serikali, wenye viwanda na vyama vya wafanyakazi vya Hispania vilitia sahihi mapatano ya kuangalia mionzi katika biashara ya vyuma, na nchi nyingine zimeyaiga.

Kisa cha Acerinox chaonyesha pia kwa nini mlango wenye kipimo si dawa kamili. Vipimo vya langoni ni mabamba makubwa yanayosimamishwa pande mbili za njia. Gari hupita katikati polepole, na mwonzi wowote unaogonga bamba huhesabiwa. Lakini chuma chenyewe huzuia mionzi. Kopo lililo katikati ya shehena, limefunikwa na tani za vyuma kila upande, na bado lingali katika gamba lake la risasi, laweza kupita kimya. Jambo la ajabu ni kwamba kopo lililo salama zaidi, kwa maana ya kuwa gamba lake halijavunjika, ndilo gumu zaidi kugunduliwa. Nalo litavunjika tanurini, mahali pabaya kupita pote. Kwa upande mwingine, vipimo hivyo hulia mara nyingi kwa vitu visivyo na hatari kubwa: matofali ya tanuri yenye asili ya toriamu, mabomba ya visima vya mafuta yaliyoota ukoko wenye radiamu, hata dereva aliyetoka hospitali siku chache zilizopita baada ya kutiwa dawa ya mionzi. Mlinzi aliyezoea kusikia kelele za bure kila juma huchoka, akaanza kuruhusu magari yapite. Kwa sababu hiyo viwanda vyenye busara hupima mara kadhaa: langoni, juu ya winchi, katika kipande cha chuma kinachochotwa tanurini kwa uchunguzi, na katika vumbi.

Si kila mara kipimo kilichogundua kilikuwa kimewekwa kwa kazi hiyo. Mwezi wa Februari, 1983, karibu mwaka mmoja kabla ya habari ya Los Alamos, kiwanda kimoja cha mji wa Auburn, katika jimbo la New York, kiliyeyusha kobalti 60 bila ya kujua. Kilichowashtua wafanyakazi ni kuharibika kwa mita ya kupimia kina cha chuma katika kalibu, ambayo yenyewe hufanya kazi kwa mionzi. Ilianza kuonyesha hesabu zisizo na maana. Chuma hakikuondoka kiwandani.

Penye bahati mbaya zaidi ni Taiwan. Huko nondo zenye kobalti 60 zilisubiwa kati ya mwaka 1982 na 1984, zikajengewa nyumba za kukaa, shule na maduka. Mwaka 1985 mionzi ilionekana katika nyumba moja ya mji wa Taipei yenye zahanati ya meno, lakini wenyeji hawakuambiwa. Habari ilitoka hadharani mwaka 1992. Utafutaji ulipokwisha ilionekana kwamba majengo yapatayo 180, yenye makao yapatayo 1,700, yalikuwa na nondo hizo, na watu wapatao 10,000 walikuwa wameishi au kufanya kazi humo, wengine kwa miaka mingi. Watoto walizaliwa na kukua katika vyumba ambavyo kuta zake zilitoa mionzi usiku na mchana. Ule ukimya wa miaka 7 ni mbaya kuliko kosa la tanuri, kwa sababu tanuri halikujua.

Kobalti 60 hupungua nusu kwa kila miaka 5 na miezi kadhaa. Kwa hesabu hiyo nondo za Juárez, zilizofukiwa kwa sehemu kubwa katika jangwa la Samalayuca, kusini ya mji, zilibakiwa mwaka 2024 na kama sehemu 1 kwa 190 ya mionzi ya mwaka 1984. Sesiamu 137 ni mvivu zaidi: nusu yake huondoka kwa miaka 30.

Katika Afrika ya Mashariki biashara ya vyuma chakavu ni kubwa, nayo huzidi kukua. Viwanda vya Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala huyeyusha vyuma hivyo na kusubu nondo. Mafundi wa Gerezani na wa Gikomba huvifua kuwa majiko, mageti na majembe. Mnunuzi wa kwanza ni mtu mwenye mkokoteni na mizani ya mkono, ambaye hupita mitaani akiuliza skrepa. Mwaka 2015 Kenya ilitunga sheria ya biashara ya vyuma chakavu, na mwezi wa Januari, 2022, serikali yake iliipiga marufuku biashara yote kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu waliong'oa vyuma vya minara ya umeme. Hofu iliyoleta sheria hizo ni hofu ya wizi. Ulinzi wa mionzi una sheria zake mbali: Tanzania ilikuwa na Tume ya Taifa ya Mionzi kwa sheria ya mwaka 1983, na mahali pake pakashikwa na Tume ya Nguvu za Atomiki kwa sheria ya mwaka 2003, Kenya nayo ilitunga sheria mpya ya mambo ya nyuklia mwaka 2019. Mashine za kobalti zimetumika na kutibu wagonjwa wengi katika hospitali kubwa za nchi hizi. Ile ya Mulago, Kampala, iliwekwa mwaka 1995, ikaharibika kabisa mwaka 2016, na mashine mpya ikaanza kazi mwaka 2018. Mashine ya namna hiyo ikifa, kobalti yake haifi pamoja nayo, nayo huhitaji mlinzi zaidi siku ile ambayo watu hawaihitaji tena.

Hapa ndipo lugha inapoingia katika shauri, na haiingii kama pambo. Mwenye mkokoteni hatapimiwa kitu na mtaalamu. Ataonywa kwa neno au kwa alama. Neno lililoenea katika Kiswahili ni mionzi, ambalo watu wamelizoea kwa jua. Watunga istilahi za sayansi wametoa neno jingine, unururifu, kutokana na nuru, na sifa ya kitu chenye hali hiyo ni kuwa kinururifu. Kwa sarufi halina ila, limeundwa vizuri. Ila yake iko katika maana. Nuru kwa Mswahili ni jambo la heri: uso wenye nuru, nuru ya macho, nuru ya elimu. Tena nuru huonekana, na mionzi inayozungumzwa hapa haionekani, hainuki, haina ladha wala joto la kusikika.

Anayedhani kwamba huo ni ubishi wa wanafunzi wa lugha tu na aangalie mambo ya Goiânia, huko Brazil. Mwezi wa Septemba, 1987, watu wawili waliingia katika jengo lililohamwa na zahanati, wakatoa kichwa cha mashine ya kutibia saratani, wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na sesiamu 137 katika hali ya unga wa chumvi. Unga ule uling'aa gizani kwa rangi ya buluu. Ulipendeza. Watu waligawiana punje zake kama tunu, wakawapelekea ndugu na jirani, na baadhi wakajipaka mwilini. Kilichowavuta kilikuwa ni nuru hasa. Watu 4 walikufa katika wiki chache, mmoja wao mtoto wa miaka 6. Watu 249 walionekana kuwa na sesiamu mwilini au nguoni, na wapatao 112,000 walipimwa katika uwanja wa michezo wa mji. Onyo ambalo lingaliwafaa watu wale halikuweza kuwa neno lenye asili ya nuru.

Sumu ni neno ambalo kila mtu hulielewa mara moja, na watumishi wengi wa afya hulitumia wanaposema na watu. Lakini nalo hupotosha kwa njia yake. Sumu huliwa, hunywewa au huvutwa kwa pumzi. Mtu aliyeambiwa kwamba nondo ina sumu atadhani kutoilamba kwatosha, kumbe madhara ya nondo za Juárez yaliwafikia watu walioketi tu karibu nazo. Haja iliyo kubwa zaidi ni ya kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Kitu kilichopigwa na mionzi ya kobalti, kama vile mgonjwa aliyetibiwa kwa mashine, hakitoi mionzi baada ya mashine kufungwa. Aweza kurudi nyumbani na kumkumbatia mtoto wake. Kitu kilichoingiwa na madini yenyewe, ama kwa kuyeyuka ama kwa kupakwa vumbi, huendelea kutoa mionzi mpaka madini yapungue au yaondolewe. Lugha ya kawaida ya Kiswahili yaweza kuyatenga bila ya taabu kwa kusema kupigwa na mionzi na kuingiwa na madini ya mionzi, na waandishi wa magazeti wakishika tofauti hiyo wagonjwa wengi watapumzika na aibu ya kuogopwa na jamaa zao.

Istilahi nyingine iliyopata kuenea duniani ni ile ya kuviita vyombo vya mionzi visivyo na mlinzi kwa jina la yatima. Ikitafsiriwa neno kwa neno katika Kiswahili hupata kasoro. Yatima ni aliyefiwa, na mtu hamlaumu marehemu. Kopo la Juárez halikufiwa na mtu; mwenyewe alikuwapo, ana jengo na anwani. Kiswahili kina neno la kufaa zaidi, kutelekeza, ambalo hutumiwa kwa mume aliyemwacha mke na watoto bila ya chakula wala talaka, na ndani yake mna lawama. Chombo kilichotelekezwa ni jina linaloeleza hali na kumtaja mkosaji kwa pamoja.

Kuhusu alama, ile inayojulikana, yenye mabawa matatu yanayozunguka duara, ilichorwa mwaka 1946 katika chuo kikuu cha California kilichoko Berkeley. Aliyefundishwa huitambua. Asiyefundishwa huona panka, ua, au jahazi lenye rafadha, na wala haoni sababu ya kukimbia. Kwa ajili hiyo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitafuta alama nyingine ambayo mtu asiyesoma aweza kuifahamu. Michoro mbalimbali ilionyeshwa kwa watu 1,650 katika nchi 11, miongoni mwao Mexico na Brazil, zilizokwisha kuonja msiba, na pia Kenya. Iliyochaguliwa ilitangazwa mwezi wa Februari, 2007. Ni pembetatu nyekundu. Juu kuna yale mabawa matatu yakitoa mishale inayopinda kama mawimbi, chini kuna fuvu lenye mifupa miwili, na kando yake mtu anayekimbia, na mshale unaoonyesha upande wa kukimbilia.

Alama hiyo haikukusudiwa kubandikwa milangoni wala juu ya magari, wala nje ya mashine ambapo mgonjwa angeiona akaogopa kutibiwa. Huwekwa ndani, chini ya kifuniko, karibu na gamba linaloficha kopo. Mashine ikiwa nzima na ikiendeshwa na wenye ujuzi, hakuna anayeiona. Huonekana tu pale mtu anapoanza kulegeza skrubu.